Njiwa wa Chunguni na Njiwa wa Mkononi

Katika vijiji vyetu ni ndege wachache waletao ubishi nyumbani kama njiwa. Kuku hana ubishi: kila mtu ajua mwisho wake ni chungu, hata watoto wanaomtupia makombo kila asubuhi wajua. Paka naye hana ubishi, maana kwetu hapana amlaye. Lakini njiwa amekaa katikati. Nyumba hii yamhesabu kuwa kitoweo; nyumba ya pili yamhesabu kuwa kiumbe cha kuokolewa na kulelewa; na mara nyingine nyumba hizo mbili zimo chini ya paa moja. Ndivyo ilivyokuwa kwangu. Na kwa kuwa wazazi zaidi ya mmoja wamenigusia jambo hili walipokuja ofisini kuandikisha watoto wao ubatizo, nimeona yafaa niliandike.

Mimi ni karani wa parokia, na kabla ya kazi hii nilisomea ualimu. Lakini ukiniuliza nilisomeshwa na nani, nitajibu: nilisomeshwa na mama yangu na njiwa wake. Baba alifariki tungali wadogo. Mama akabaki na shamba la mihogo, mbuzi watatu, na kibanda cha njiwa kilichosimama juu ya nguzo nne. Kila nguzo ilivikwa kipande cha bati ili panya na nyoka wasipande. Asubuhi aliwamwagia mtama konzi mbili, si zaidi, maana njiwa hujitafutia mwenyewe shambani. Jioni alihesabu vichwa kabla ya kufunga mlango.

Njiwa ni ndege wa faida kwa mtu mwenye subira. Jike hutaga mayai mawili. Huyaatamia kwa zamu na dume lake, aghalabu dume mchana na jike usiku, kwa siku kumi na saba au kumi na nane hivi. Makinda wakianguliwa, baba na mama wote wawili huwalisha maziwa mazito yanayotoka katika mfuko wa chakula ulio shingoni mwao. Ni ndege wachache duniani wafanyao hivyo. Baada ya wiki nne hivi makinda huwa wanono, karibu wakubwa kama wazazi wao, nao hawajaruka bado. Hapo ndipo nyama yao ni laini. Wakisha kuruka siku nyingi, mabawa yao hufanya kazi, na nyama hukaza.

Mama alizijua siku hizo kama alivyozijua siku za kupanda mahindi. Makinda waliouzwa gulioni walileta sabuni, mafuta ya taa na madaftari. Nilipokwenda chuo cha ualimu mwaka 2009, sanduku langu na godoro langu vilinunuliwa kwa njiwa. Na wale wasiouzwa tulikula, siku za sikukuu au alipougua mtu. Wala mama hakuwa mkatili. Alikuwa na sheria zake. Njiwa aliyelala juu ya mayai hakuguswa kamwe. Mzazi hakuchukuliwa pamoja na makinda wake. Nilipokuwa mkubwa nikaona katika Kumbukumbu la Torati kwamba Musa naye aliwakataza watu wake kumtwaa ndege mama pamoja na wanawe, nikastaajabu, maana mama hakuyajua maandiko hayo. Aliijua kazi yake tu. Na sheria yake ya tatu ilikuwa hii: hapana kumpa njiwa jina. Alisema, “Ukimpa jina, utamlilia.”

Sasa nije kwa binti yangu.

Mwaka 2022 mnara wa kanisa letu ulitengenezwa. Njiwa walikuwa wamejaa humo kwa miaka mingi, na uchafu wao ulikuwa umeziba mfereji wa maji ya mvua yaendayo katika tangi. Mafundi walipanda, wakaondoa viota, wakawatia makinda katika gunia. Jioni wakawachoma na kuwala kwa ugali. Hakuna aliyewalaumu, walikuwa watu wa kazi, na nyama hiyo ilikuwa haki yao. Lakini kinda mmoja alibaki chini ya ngazi. Mguu wake ulikuwa umezongwa na uzi wa nailoni, umevimba, na kidole kimoja kimekuwa cheusi. Binti yangu, aliyekuwa na miaka tisa, akamwokota. Fundi akasema, “Huyo hana hata nyama ya kutosha jino, mchukue.” Mtoto akanitazama mimi.

Nikamwambia: “Haya, ni wako. Lakini kumlisha ni kazi yako, na kumsafishia ni kazi yako.” Naomba msomaji ayashike maneno hayo mawili, “ni wako,” maana habari yote iliyofuata ilitoka humo.

Tuliukata ule uzi polepole kwa wembe. Kidole cheusi kikadondoka chenyewe baada ya siku chache. Kwa bahati kinda alikuwa amekwisha kuota manyoya; angalikuwa wa siku mbili tatu, asingepona kwa urahisi, kwa kuwa binadamu hana yale maziwa. Tulimlisha choroko zilizolowekwa na mtama laini. Maji tulimpa katika kikombe kifupi, na watoto walifurahi kuona kwamba njiwa hanywi kama kuku. Kuku huchota tone na kuinua kichwa. Njiwa hutumbukiza mdomo na kuyavuta maji kama ng'ombe mtoni.

Jambo moja sikulegeza: ndege hakulala katika chumba cha watu. Vumbi la mavi ya njiwa yaliyokauka laweza kuleta maradhi ya mapafu, na humo yaweza kuwamo vimelea vya ukungu vinavyodhuru hata ubongo, hasa kwa mtu ambaye kinga ya mwili wake imepungua. Kwa hiyo sanduku lilikaa barazani, lilinyunyiziwa maji kabla ya kufagiwa, na mikono ilinawiwa kwa sabuni. Huruma bila sabuni haitoshi.

Mtoto akamwita Mnara. Sheria ya mama yangu ikavunjwa siku hiyo hiyo.

Mwaka uliofuata, baada ya Pasaka, mama alikuja kwetu kuuguzwa. Alikuwa amelazwa, ameruhusiwa, lakini hamu ya chakula ilikuwa imemtoka. Uji alionja vijiko viwili akausogeza. Samaki alikataa. Mganga wa zahanati akasema apewe chochote atakachotamani, mradi ale, maana mtu mzima akikaa hivyo mwili huisha upesi. Siku ya tano, amekaa barazani kwenye mkeka, akasema kwa sauti ndogo, “Ningepata mchuzi wa njiwa, ningekunywa.”

Wakati ule ule Mnara alikuwa akitembea uani hatua tatu kutoka mkekani, kwa mguu wake wenye kidole pungufu, akiokota mchele uliomwagika.

Mke wangu alinyamaza. Mimi nilinyamaza. Mama akamtazama yule ndege kwa jicho la mtu aliyefuga njiwa miaka thelathini, akasema, “Huyu amekwisha kuruka, nyama yake itakuwa ngumu. Lakini mchuzi ni mchuzi.” Binti yangu alikuwa mlangoni, ameshika ndoo. Hakulia wala hakusema neno. Alinitazama tu, kama alivyonitazama siku ile chini ya ngazi.

Ndugu wasomaji, mwaona ugumu wa jambo hili. Upande mmoja alikuwapo mama aliyenilea, mgonjwa, ambaye njiwa wake ndio walioninunulia godoro. Upande wa pili alikuwapo mtoto aliyepewa neno na baba yake. Kumnyima mama ni dhambi ya kukosa heshima. Kumgeukia mtoto ni kumfundisha kwamba neno la baba hudumu mpaka siku baba atakapopata shida.

Nikachukua baiskeli, nikaenda kwa mzee mmoja jirani afugaye njiwa, nikanunua makinda wawili.

Mama alipowaona alikasirika. “Mwanangu, watoa fedha kununua njiwa, na njiwa anatembea uani kwako? Fedha hizo si za chumvi na sukari?”

Nikamjibu, “Mama, huyu si wangu. Nilimpa mjukuu wako.”

“Mtoto ana mali gani?”

“Ana hii moja, Mama.”

Akaguna, akanyamaza. Ndipo binti yangu akaniuliza swali ambalo sikulitazamia: “Baba, na hao wawili, si walikuwa na mama yao?”

Nikasema, “Ndiyo, walikuwa naye.”

“Basi kwa nini hao?”

Ningeweza kumwambia kwamba hao hawasikii maumivu, au kwamba waliumbwa wabaya. Lakini hayo si kweli, na mtoto hugundua. Nikamwambia, “Kwa sababu Bibi anaumwa, naye atakula. Na hao mzee aliwalea kwa kusudi hilo. Sikuwa nimemwahidi mtu yeyote kuwalinda.”

Mama, ambaye alikuwa akisikiliza, akamwita: “Njoo, mke mwenzangu, unishikie bakuli.” Akamwonyesha namna ya kuchinja upesi, kwa kisu kikali, bila kumtesa ndege, akamwonyesha namna ya kumwagia maji ya moto na kunyonyoa. Mtoto alinyonyoa wote wawili. Alipika pamoja na mama yake, kwa kitunguu, nyanya na chumvi kidogo. Ulipofika wakati wa kula, yeye hakula. Bibi yake hakumlazimisha. Alisema tu, “Asiyetaka asile, lakini sasa ajua.”

Mama alikunywa mchuzi ule jioni, na kesho yake tena, na siku ya tatu akaomba ugali. Sisemi kwamba mchuzi wa njiwa ni dawa. Nyama ya njiwa ina nguvu kama nyama nyingine. Kilichomponya hamu, nadhani, ni ile ladha ya nyumbani kwake.

Tangu siku hizo nimefikiri sana juu ya watu wa namna mbili hizi, walao na waokoao, na nimeona kila upande una jambo la kumfundisha mwenzake.

Mlaji asidharauliwe. Njiwa tangu zamani ni ndege wa watu wa chini. Sheria ya Musa ilimruhusu mwanamke asiyeweza kutoa mwana-kondoo alete jozi ya hua au makinda wawili wa njiwa. Na Luka atueleza kwamba sadaka hiyo ndiyo iliyotolewa na Maria na Yozefu walipomleta Mtoto hekaluni. Mtu ashibaye kila siku aweza kusema ni aibu kumla ndege mpole namna hii. Mjane mwenye watoto wanne hana nafasi ya kusema hivyo, wala hapaswi kuona haya.

Mwokoaji naye asichekwe. Masimulizi ya kale juu ya Mtakatifu Fransisko wa Assisi, yaliyokusanywa katika kitabu kiitwacho Fioretti, yaeleza kwamba alikutana na kijana aliyewakamata hua wengi na kuwapeleka kuwauza. Fransisko akamwomba ampe, akawakumbatia, akawatengenezea viota, nao wakazoea kukaa na ndugu watawa kama kuku. Ndege hao walikuwa wa kuliwa. Mtu mmoja akawaombea, na mwenyewe akakubali kuwatoa. Tuangalie jambo hilo: Fransisko hakuwaiba. Aliomba, akapewa.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992 yaweka mizani wazi. Yakubali kwamba ni halali kuwatumia wanyama kwa chakula na mavazi, na kuwafuga wasaidie kazi. Yasema pia kwamba kuwatesa au kuwaua bila sababu ni kinyume cha heshima ya mwanadamu mwenyewe. Tena yaonya kwamba fedha zipasazo kuwatuliza watu katika taabu zao zisitangulizwe kwa wanyama. Mlaji asiyejali uchungu wa ndege ameonywa hapo, na mwokoaji anayemnunulia ndege nafaka huku jirani analala na njaa ameonywa hapo pia.

Lakini kosa kubwa kuliko yote, nionavyo, ni kuchukua kilicho mikononi mwa mwingine kana kwamba hakina mwenyewe. Mwakumbuka habari aliyoletewa Mfalme Daudi na nabii Nathani. Tajiri mwenye makundi ya kondoo alipata mgeni. Hakuchinja wa kwake. Alimtwaa mwana-kondoo mmoja wa maskini, aliyelelewa pamoja na watoto wake, akila katika sahani yao. Nathani hakusema kwamba kula kondoo ni dhambi. Daudi mwenyewe alikula kondoo. Kilichomwasha hasira ni kwamba kondoo yule alikuwa kama binti nyumbani mwa mtu, na tajiri hakujali.

Wala tusidhani kwamba ni ndege wa mkononi tu awezaye kutwaliwa hivyo. Katika kijiji cha Denshawai, huko Misri, tarehe 13 Juni 1906, maofisa wa jeshi la Waingereza walikwenda kuwinda njiwa kwa kujifurahisha. Njiwa wale walikuwa wa wanakijiji, waliowafuga kwa chakula, kama mama yangu alivyofuga. Ugomvi ukazuka. Mwanamke mmoja wa kijiji akajeruhiwa kwa risasi, maofisa wakapigwa, na mmoja wao akafa akikimbia juani. Mahakama ya pekee ikawahukumu wanakijiji wanne kunyongwa, nao wakanyongwa tarehe 28 mwezi ule ule. Wengine wakachapwa viboko na kufungwa. Yote hayo yalianza kwa sababu mtu aliona ndege angani, asiulize wa nani. Njiwa wale walikuwa wa chungu, lakini kwa wenyewe walikuwa maisha.

Kwa hiyo swali la kwanza si kwamba njiwa aliwe au asiliwe. Swali la kwanza ni hili: ni wa nani, na mwenyewe ameahidiwa nini? Ukilijibu hilo, mengine hupungua ugumu.

Mnara alikaa nasi mpaka mwisho wa mwaka ule. Kisha akapata mwenzi, na kama walivyo njiwa, akahamia katika kibanda cha yule mzee jirani, maana sisi hatukuwa na kibanda. Baadaye mzee alinitumia salamu kwamba ndege wetu ametotoa makinda wawili, akauliza tunasemaje. Nikampelekea binti yangu swali hilo, lilikuwa lake. Akafikiri muda, akasema, “Mnara ni wangu. Lakini hao wamezaliwa kwa Babu, na Babu ndiye anayewapa mtama. Ni wa Babu.” Alijua vema Babu hufanya nini na makinda. Aliomba jambo moja tu, kwamba Mnara asichinjwe akizeeka, na mzee akakubali. Mpaka leo sijasikia kwamba amelivunja neno lake.

Wazazi wenzangu, nawaachia mambo matatu. La kwanza: siku mtoto aletapo ndege nyumbani, amueni siku hiyo hiyo, na mseme wazi. Kama ni wa kula, asipewe jina, na mtoto aambiwe. Kama ni wa mtoto, basi ni wake hata siku mboga itakapokosekana. Ubaya ni kunyamaza, mtoto akalea kwa miezi, kisha mgeni akaja. La pili: anayelea na afundishwe kazi yote ya kulea, chakula, maji, usafi, na anayekula na afundishwe kuchinja bila kutesa. Mtoto ajue yote mawili. La tatu: tusilumbane na jirani kwa sababu yeye anakula tunachokilea, au analea tunachokila. Aliyekula kwa shukrani hakumkosea Mungu, na aliyemfungua ndege uzi mguuni hakupoteza wakati.

Mama yangu amerudi kwake, ana nguvu, naye bado anafuga. Safari iliyopita binti yangu alikwenda kumsaidia wakati wa likizo. Kila jioni walihesabu vichwa pamoja kabla ya kufunga mlango wa kibanda, na mtoto alikaporudi aliniambia kwamba wapo ishirini na wawili, na kwamba hakumpa hata mmoja jina.